Kichupa kimoja kwa makwapa kumi

Shikamooni washauri,

Mimi ni mama wa miaka 42, karani wa mizani kwenye ghala la samaki hapa Kirumba, Mwanza. Tangu nikiwa kidato cha pili makwapa yangu yanatoa jasho la kumwaga, hata asubuhi ya mvua yenye baridi. Mama yangu mzazi alikuwa hivyo hivyo. Navaa blauzi nyeusi tu, na ikifika saa nne zimeshachora ramani nyeupe za chumvi. Viganja navyo vinalowa, risiti zinachakaa mkononi kabla mteja hajazichukua. Nimepaka shabu, nimepaka ndimu, nimetumia deodoranti za kila rangi.

Sasa kuna saluni moja mjini wanachoma sindano ya Botox. Dada wa pale anasema atanichoma makwapani na viganjani, na kwa kuwa nina mikunjo miwili katikati ya nyusi, atanimalizia nayo humo humo. Tuko wanawake watano, tunachangia kichupa kimoja cha uniti 100, kila mtu 120,000, nami nimeshatanguliza 40,000. Kichupa keshakichanganya tangu Jumamosi iliyopita, kiko kwenye friji ya soda. Rafiki yangu alitangulia wiki iliyopita kwa kichupa kingine, akachomwa usoni tu. Sasa kope yake ya kushoto imeshuka kama mtu mwenye usingizi, na kila jioni anaikanda kwa maji ya moto. Dada wa saluni anasema itapanda akiongezewa sindano.

Je, ni kweli hii dawa ni sumu? Kope itarudi? Na mimi niende Jumamosi hii? Halafu kuna jambo dogo: mwezi huu joto limezidi, usiku naamka fulana imelowa chapachapa, mara nyingine mpaka nabadilisha. Sijui kama nalo litaisha kwa sindano hiyo.

Mama Blauzi Nyeusi, Kirumba


Marahaba mama. Tuanze na rafiki yako, kwa sababu wewe unaweza kusubiri na yeye hawezi.

Aache kuikanda hiyo kope leo hii. Sindano ya katikati ya nyusi hulenga misuli inayokunja uso. Kwake dawa imeteremka hadi kwenye msuli mwembamba unaoinua kope ya juu, nao umelegea. Hilo hutokea mchomaji akichoma chini mno, karibu na ukingo wa tundu la jicho, au akizidisha maji kwenye mchanganyiko hadi dawa isambae, au eneo likisuguliwa saa za mwanzo. Kwa kawaida kope huanza kushuka kati ya siku 2 na 10 baada ya sindano, na hupanda yenyewe baada ya wiki chache. Hakuna dawa ya kuurudisha msuli mara moja. Sindano nyingine ya aina hiyo hiyo inazidi kulegeza, hainyanyui kitu. Anayemwambia vinginevyo haijui dawa anayoichoma. Daktari wa macho anaweza kumwandikia matone ya apraklonidini 0.5%, yanayochochea msuli mwingine mdogo wa kope na kuiinua milimita moja au mbili kwa saa kadhaa. Inatosha kumwezesha kusoma na kuvuka barabara.

La kuangalia zaidi ni jingine. Akianza kupaliwa na maji, sauti ikibadilika, ulimi ukawa mzito, akaona vitu viwili viwili, shingo ikashindwa kubeba kichwa au pumzi ikawa fupi, aende hospitali ya rufaa saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane, na aseme wazi alichomwa nini na lini. Dalili hizo zinaweza kuja saa chache baada ya sindano au hata wiki kadhaa baadaye. Maana yake dawa imesambaa mwilini, na kiuasumu chake huzuia hali isizidi kuwa mbaya, hakirudishi kilichokwisha kulegea, kwa hiyo kila saa ina thamani. Na akienda kutibiwa homa au mkojo mchafu, amwambie mhudumu habari ya sindano hii kabla hajachomwa antibiotiki ya jentamaisini, kwa sababu dawa za kundi hilo huongeza ulegevu wa misuli.

Sasa hilo ulilolichomeka mwishoni na kuliita dogo. Kwetu ndilo kubwa kuliko yote katika barua yako.

Jasho la kuzaliwa nalo lina tabia zake. Huanza mapema, mara nyingi kabla ya miaka 25, hutoka pande zote mbili sawasawa, huenda kwenye ukoo, na mwenyewe akilala nalo hulala. Jasho lako la mchana linaingia humo bila ubishi: kidato cha pili, makwapa yote mawili, mama mzazi. La usiku haliingii. Ni jasho jingine, limekuja mwezi huu, na linahitaji maelezo yake. Huenda ni bati na madirisha yaliyofungwa kwa kuogopa mbu. Huenda ni ukomo wa hedhi unaopiga hodi, kwa miaka 42 si ajabu. Lakini kifua kikuu hujitangaza hivyo hivyo, malaria vilevile, tezi ya thairoidi ya shingoni ikizidisha kazi, na VVU visivyotibiwa. Nenda kituo cha afya kilicho karibu au hospitali ya Sekou Toure, uwaambie maneno yale yale uliyotuandikia sisi: ninaamka nimelowa, nabadilisha nguo. Kama una kikohozi cha wiki mbili, umepungua uzito au moyo unakwenda mbio bila kazi, usiache kulitaja. Kipimo cha makohozi cha kifua kikuu ni bure kwenye vituo vya serikali, na dawa zake pia. Ukichomwa makwapa kabla ya hapo, utakuwa umeziba dirisha moja huku nyumba inaungua upande wa pili.

Tukidhani vipimo vimetoka safi, turudi saluni.

Ndiyo, ni sumu. Hutengenezwa na bakteria aitwaye Clostridium botulinum, anayeishi kwenye udongo na matope, yakiwemo ya chini ya maziwa, na ndiye anayesababisha ulemavu mbaya kwa watu waliokula chakula kilichohifadhiwa vibaya kwenye makopo au samaki waliosindikwa ovyo. Sumu hii huingia kwenye ncha ya mshipa wa fahamu na kukata protini inayosaidia kutoa asetilikolini, kemikali inayobeba amri kutoka kwenye mshipa. Amri isipofika kwenye msuli, msuli unalegea na ngozi iliyo juu yake haijikunji. Isipofika kwenye tezi ya jasho, tezi inakaa kimya. Ndiyo sababu dawa ile ile inafanya kazi usoni na kwapani. Daktari wa macho wa Marekani, Alan Scott, ndiye aliyeanza kuitumia kunyoosha makengeza. Huko Marekani iliidhinishwa kwa kazi hiyo mwaka 1989, kwa mikunjo ya kati ya nyusi mwaka 2002, na kwa jasho kali la makwapa mwaka 2004. Kwa hiyo wazo lenyewe si la kihuni. Uhuni uko kwenye kichupa.

Wewe ni mtu wa mizani, tupige hesabu. Kipimo kinachoandikwa kwenye karatasi ya Botox kwa jasho ni uniti 50 kwa kila kwapa. Makwapa mawili, uniti 100. Kichupa kimeisha, na kimeisha kwa mtu mmoja. Mikunjo ya kati ya nyusi inataka uniti 20 nyingine. Viganja, kwa madaktari wanaovichoma, hula uniti 50 au zaidi kila kimoja. Wewe peke yako unahitaji vichupa zaidi ya viwili, nanyi mko watano, makwapa kumi, kwa kichupa kimoja. Mkigawana sawa, kila mtu anapata uniti 20. Zikienda makwapani ni 10 kila upande, sehemu ya tano tu ya kipimo, hazifiki mbali: jasho litapungua kidogo sana au lisipungue kabisa, na dada atakwambia mwili wako umeikataa dawa. Dada huyu ama hajui hesabu, ama hiyo si Botox.

Hata mchanganyiko wenyewe haulingani. Kwa uso, uniti 100 huyeyushwa kwa mililita 2.5 za maji ya chumvi ya sindano, yale ya 0.9% yasiyo na kihifadhi, ili kila sehemu ya kumi ya mililita ibebe uniti 4. Kwa makwapa huyeyushwa kwa mililita 4, ili dawa ienee ndani ya ngozi. Anayechoma nyusi na kwapa kutoka bomba moja ameshakosea upande mmoja kabla hajaanza. Na uniti hizi si kama za umeme wa LUKU, kwamba uniti ni uniti popote ununuapo. Kwa mikunjo ile ile ya nyusi, Botox ni 20 lakini Dysport, dawa nyingine ya sumu hiyo hiyo, ni 50. Mtu akikutajia namba bila jina la dawa, hajakutajia kitu.

Halafu baridi. Kichupa kizima hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Kikishachanganywa, maelekezo ya mtengenezaji ni kukitumia ndani ya saa 24, kikiwa kwenye baridi hiyo hiyo, na kwa mgonjwa mmoja tu. Hicho chenu kina wiki, kwenye friji inayofunguliwa kila mteja akitaka Pepsi, na umeme ukikatika hakuna anayejua kilifika nyuzi ngapi. Sangara asiye na barafu hujitaja kwa harufu. Sumu hii ikiharibika inabaki maji meupe yasiyo na harufu wala rangi. Na sindano zikirudi mara tano kwenye kichupa kimoja kwa watu watano, homa ya ini aina ya B na VVU vina njia.

Kichupa halisi cha Botox kikiwa hakijafunguliwa huonekana kama kitupu, unga wake ni utando mwembamba sana chini ya kioo. Ndani hakuna hewa, kwa hiyo bomba la maji ya chumvi likichomekwa, kichupa huyavuta maji chenyewe. Kisipovuta, kinatupwa. Dai uone hatua hiyo kwa macho yako, pamoja na boksi, namba ya toleo na tarehe ya mwisho. Tatizo la dawa bandia si la kwetu peke yetu: Marekani, kufikia Aprili 2024, watu 22 katika majimbo 11 waliripotiwa kuugua baada ya kuchomwa Botox bandia au isiyotunzwa inavyotakiwa, wengi wao nyumbani na saluni. Kwetu, dawa unaiulizia TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ambao wana ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa Mwanza, na mchomaji unamwulizia Baraza la Madaktari Tanganyika. Cheti cha kozi ya urembo kilichotundikwa ukutani si leseni ya udaktari, hata kikiwa na fremu ya dhahabu.

Kwa hiyo Jumamosi usiende. Kadai 40,000 yako mapema, kabla kichupa hakijaanza kutumika kwa wenzako, na uwasomee hesabu ile ya makwapa kumi.

Sindano hata hivyo si hatua ya kwanza. Umejaribu shabu, ndimu na deodoranti, lakini hujataja kujaribu dawa ya jasho yenyewe. Deodoranti inashughulika na harufu tu. Shabu hukaza ngozi kidogo na kuwapunguza bakteria wa harufu, haizibi jasho la kiwango chako. Ndimu inachoma ngozi na kuiacha na madoa meusi, iache kabisa. Unachotaka ni alumini kloridi ya 20%, inayouzwa kama majimaji ya kupaka. Ulizia famasi kubwa, wasipokuwa nayo waulize kama wanaweza kukuagizia.

Wengi huipaka vibaya kisha wanaitukana. Inapakwa usiku wakati wa kulala, kwa sababu tezi zimepoa na dawa inapata nafasi ya kuingia kwenye vijitundu na kuganda humo. Ukiipaka asubuhi, jasho linaisukuma nje. Kwapa liwe kavu kabisa: oga mapema, jifute, subiri, pepea kwa kadibodi au feni hadi uhisi pamekauka, ndipo upake safu nyembamba. Ikikutana na maji hutengeneza asidi ya haidrokloriki, na huo ndio mwasho ambao watu hudhani ni aleji. Usinyoe siku ile wala siku moja kabla. Asubuhi osha kwa sabuni ya kawaida kabla ya kutoka. Fanya hivyo kila usiku kwa wiki moja hadi mbili, jasho likishuka punguza hadi mara moja au mbili kwa wiki. Ngozi ikiwa nyekundu, pumzika siku mbili tatu na upake krimu ya haidrokotisoni 1% kidogo, kisha rudi kwa kupaka usiku mmoja na kuacha mmoja. Ipe mwezi mzima kabla ya kuihukumu. Kwa maoni yetu, nusu ya wanaotafuta sindano wangetosheka na chupa hii kama wangeonyeshwa namna ya kuipaka.

Kama mwezi umepita na blauzi bado zinachora ramani, sindano ya makwapa ni tiba nzuri, tunakuunga mkono. Anza kwa daktari wa ngozi. Bugando ni hospitali ya rufaa ya kanda, ulizia kliniki yao ya ngozi kama wanaichoma au wanakuelekeza wapi. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kiko hospitali ya KCMC, Moshi, ikibidi kusafiri.

Kazi ikifanywa sawasawa utaiona hivi. Siku hiyo hupaki chochote. Kwapa linapakwa aidini, linaachwa likauke, kisha linanyunyiziwa wanga wa mahindi. Baada ya dakika chache, panapotoka jasho panageuka bluu iliyokolea karibu na nyeusi, na eneo hilo ndilo linalozungushiwa kalamu. Kama una aleji ya aidini, sema mapema. Aidini inaoshwa, halafu vinawekwa vituo 10 hadi 15 vilivyopishana sentimita 1 hadi 2. Kila kituo kinapokea dawa kidogo ndani ya ngozi yenyewe, milimita 2 hivi, sindano nyembamba ya geji 30 ikiwa imelazwa, hadi kitokee kijivimbe kama cha kuumwa na mbu. Ikizama zaidi inapita chini ya tezi na pesa inapotea. Mchomaji mzuri hachomi juu ya alama ya wino, vinginevyo wino hubaki ngozini kama chale. Makwapa yote mawili hayachukui muda mrefu, maumivu yanavumilika, na unarudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Jasho hupungua ndani ya wiki ya kwanza. Ukavu hudumu wastani wa miezi 6 au 7, kisha linarudi polepole na unachomwa tena likirudi. Haichomwi ukiwa mjamzito, ukinyonyesha, ukiwa na kipele au jipu kwapani, wala ukiwa na ugonjwa wa misuli kuchoka kama mayasthenia. Watu huuliza jasho likifungwa litatokea wapi. Makwapa ni sehemu ndogo ya ngozi yote, mwili hauchemki kwa kuyakosa.

Viganja ni hadithi tofauti, na hapa tunakushauri uachane na sindano. Zinauma sana, mara nyingi hadi mkono utiwe ganzi kwanza, na dawa ikigusa misuli midogo iliyo chini, nguvu ya kubana kati ya kidole gumba na cha shahada hupungua kwa wiki kadhaa. Kwa anayeshika kalamu, kuhesabu noti na kufunga kamba za magunia kutwa nzima, hasara hiyo ni kubwa kuliko risiti zilizolowa. Kwa viganja kuna tiba ya kuvitumbukiza kwenye maji ya bomba yanayopitishwa mkondo mdogo wa umeme, miliampia 15 hadi 20, dakika 20 hadi 30, mara tatu au nne kwa wiki mpaka vikauke, kwa mashine maalumu ya hospitali. Mjamzito na mwenye kifaa cha umeme moyoni hawaruhusiwi. Usikubali fundi akutengenezee kwa betri ya pikipiki. Vidonge vya kukausha jasho, kama oksibutinini, vipo pia, ila hukausha na mdomo, hufunga choo, na hukuzuia kutoa jasho hata pale unapolihitaji, mfano saa saba mchana ukisimamia gari la barafu juani.

Imebaki mikunjo miwili ya nyusi. Zile uniti 20 huchomwa sehemu tano, nne nne kila moja, nguvu yake huonekana kamili siku ya 14 na kuisha baada ya miezi 3 hadi 4, maana yake ni gharama ya mara tatu au nne kwa mwaka. Ukitaka, ni haki yako, kwa daktari na kwa kichupa chako peke yako. Lakini una miaka 42 na kazi yako ni kusoma namba za mizani kutwa, na nje ya mlango wa ghala ziwa linarudisha mwanga wote machoni. Umri huo ndio macho huanza kushindwa kusoma karibu, na mtu hukaza nyusi bila kujua. Jaribu kusogeza risiti mbali kidogo: ukiisoma vizuri zaidi mkono ukiwa umenyooka, kapime macho kwanza. Miwani ya kusomea na ya jua huenda ikagharimu chini ya kile ulichotaka kutoa Jumamosi, na ukiitumia bila kuvua, hutakuwa na sababu ya kukunja uso kila mara mshale wa mizani unapotikisika.